Mzizi Ukilia Njaa

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Usemi huu niliurudia mbele ya wakulima kwa miaka mingi, maana nilikuwa bwana shamba, na nilipenda kufungua mazungumzo yangu kwa methali. Nilidhani unawahusu wao. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba giza lililokuwa likisemwa lilikuwa langu, na kwamba yuko mtu aliyeumia ndani yake kwa sababu mimi sikutaka kulikiri.

Habari yenyewe ni ya udongo na mizizi, na ya viumbe wadogo mno wanaoishi humo. Lakini ni habari pia ya jirani mmoja. Msomaji atanivumilia nikianza na shamba la baba yangu.

Nilizaliwa Usukumani, katika nyumba ya mtama na ng'ombe. Shamba la baba halikuwa na mistari. Kati ya mashina ya mtama zilitambaa kunde, pembeni palikuwa na karanga na njugu mawe, na kila baada ya misimu kadhaa kipande kimoja kiliachwa kipumzike. Kikaota majani na vichaka, mifugo ikalala humo, kisha kikalimwa tena. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza baba kwa nini tusilime pote. Alinijibu kwamba shamba nalo huchoka. Sikuona kama hilo ni jibu.

Mwaka 1983 nilimaliza chuo cha kilimo nikapangiwa kazi katika kata ya jirani na kijiji chetu. Nilirudi na buti, daftari na uhakika. Mwaka 1985 nilimwambia baba, kwa heshima lakini bila kusitasita, kwamba alichokuwa akifanya ni fujo. Nikamshawishi alime shamba zima kwa plau, aache mchanganyiko, apande mahindi ya mbegu bora kwa nafasi ya sentimeta 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, atie mbolea. Baba alinitazama kwa muda, akasema, "Wewe ndiye uliyesoma."

Miaka ya mwanzo ilinipa haki. Tulivuna magunia ambayo shamba lile halikuwahi kutoa, na wageni waliletwa kutazama. Sisemi kwamba mbolea ilikuwa kosa. Mahindi yalikuwa yameshiba, nasi tukashiba. Lakini mbolea ile iliwezekana kwa sababu serikali ilibeba sehemu ya bei yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku hiyo ilipunguzwa hatua kwa hatua hadi ikaondolewa. Baba akatia nusu, msimu uliofuata robo, kisha hakutia kabisa. Mahindi tuliendelea kuyapanda palepale, mwaka juu ya mwaka, maana hivyo ndivyo nilivyokuwa nimemfundisha.

Ndipo kikaja kiduha.

Asiyekijua angekiona kizuri. Ni mmea mfupi wenye maua ya rangi ya waridi iliyoelekea zambarau, na shamba lililovamiwa hupendeza kwa mbali kama bustani. Mkulima anayekijua akiona maua hayo huketi chini. Kiduha hakishindani na mahindi juu ya ardhi kama magugu mengine. Kinaanzia chini, kinajibandika kwenye mzizi na kunyonya maji na chakula, na hufanya hivyo kwa wiki kadhaa kabla hakijatokeza jani. Unapokiona, hasara imekwisha kutendeka. Mahindi yanadumaa, majani yanageuka njano kana kwamba kuna ukame ilhali mvua imenyesha jana. Mche mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, na mbegu hizo huweza kukaa ardhini miaka kumi na zaidi zikisubiri. Kikulacho ki nguoni mwako. Waingereza hukiita gugu la mchawi, na jina hilo, kama utakavyoona, si mzaha.

Mwaka 1993 shamba la baba lilikuwa zambarau kutoka mpaka hadi mpaka. Tulivuna magunia mawili. Majirani wengi walioniiga nao walikuwa hivyo hivyo. Ila palikuwa na kishamba kimoja, mpakani kabisa mwa shamba letu, cha mama mmoja mjane, ambacho mtama wake ulisimama kijani. Kiduha kilionekana kwake mche mmoja hapa na mwingine pale, basi. Hatua tano tu zilitenganisha mtama wake na mahindi yetu yaliyokufa.

Msomaji asiyetoka kwetu apate kuelewa uzito wa jambo hili. Katika sehemu yetu ya nchi, macho mekundu ya mwanamke mzee, yaliyotokana na moshi wa miaka mingi jikoni, yalikwisha kutosha kumletea mauti. Mjane mwenye shamba lililopona katikati ya mashamba yaliyokufa hakuhitaji hata macho mekundu.

Kikaitwa kikao chini ya mwembe. Nami nilikuwepo, kwenye kiti, kwa kuwa nilikuwa mtu wa serikali. Mzee mmoja akasimama akanigeukia mimi, si yule mama. "Bwana shamba," alisema, "wewe umesoma. Kiduha kimeingia kwangu, kimeingia kwa baba yako, kikafika mpakani kwa huyu mama kikaruka. Kimerukaje?"

Nikajibu nilichofundishwa: kiduha ni gugu kama magugu mengine, king'olewe kabla hakijatoa mbegu.

"Hilo tumelisikia," alisema yule mzee. "Tunauliza kwake kimerukaje."

Sikuwa na jibu. Ningeweza kusema hivyo. Ningeweza kusema, "Sijui, lakini ipo sababu ndani ya udongo, nipeni muda niitafute." Nilikuwa kijana, nimevaa shati la kazi, mbele ya watu niliowaongoza kwenye hasara, na neno "sijui" lilikuwa zito kuliko uwezo wangu. Niliinamisha uso nikaandika kitu kwenye daftari. Hata leo sikumbuki niliandika nini. Mkutano ukalisoma lile daftari kuwa ni jibu: hata bwana shamba kanyamaza.

Hawakumgusa. Kuna waliosema ni kwa sababu baba yangu alisimama akasema yule mama amekuwa jirani yake tangu ujana na hatamsikia mtu akimtaja. Lakini usiku mawe yalianza kutua juu ya bati lake. Wiki haikwisha, mwanawe akaja na mkokoteni kutoka wilaya nyingine, akapakia sufuria, kuku na mama yake, wakaondoka asubuhi na mapema. Shamba likabaki bila mwenyewe.

Baada ya hapo sikukaa sana katika kazi ile. Mwaka 1995 nilipata nafasi ya ufundi katika maabara ya kituo kimoja cha utafiti wa kilimo. Nilijiambia nimepandishwa. Kwa kweli nilikuwa nimekimbia.

Kazi yangu huko ilikuwa kuosha mizizi. Wapo watu wanaodhani utafiti ni kukaa mezani na kufikiri. Sehemu kubwa ni kuosha. Mizizi ya mahindi, ya mtama, ya kunde, inaletwa ndani ya mifuko na udongo wake. Unaiosha hadi iwe nyeupe, unaichemsha katika maji ya potashi ili seli zake ziwe angavu, kisha unaitia rangi. Rangi ya maabara ilikuwa ghali na ilikwisha mara kwa mara. Mwaka 1998 ilichapishwa njia rahisi ya kutumia wino wa kalamu na siki, nasi tulipoipata tuliipokea kama zawadi, maana vyote viwili vilipatikana dukani.

Nikauweka mzizi chini ya hadubini. Ndani ya mzizi wa mahindi, mahali nilipotarajia kuona mahindi peke yake, palikuwa na kiumbe kingine. Nyuzi za buluu zilipita kati ya seli, na ndani ya seli zenyewe uzi uligawanyika na kugawanyika tena mpaka ukawa kama mti mdogo wenye matawi yasiyohesabika. Nilimwita mtafiti niliyemsaidia, nikidhani nimeona ugonjwa. Alicheka. "Huyo si ugonjwa," alisema. "Huyo ndiye mpishi wa nyumba."

Ilikuwa kuvu, ndugu wa mbali wa uyoga. Muungano wa kuvu na mzizi unaitwa mikoriza, jina lililotungwa mwaka 1885 na Mjerumani A. B. Frank kwa kuunganisha maneno ya Kigiriki ya kuvu na mzizi. Frank alikuwa ametumwa na serikali ya Prussia kutafuta namna ya kulima aina ya uyoga wa chini ya ardhi wenye bei kubwa. Kilimo hicho hakukipata. Alichokipata ni kwamba mizizi ya miti imevikwa kuvu, na kwamba kuvu hiyo haiuui mti bali inaulisha. Wengi walimpinga. Aina niliyokuwa nikiitazama mimi, ile inayoingia ndani ya seli, huishi na mimea mingi kupita zote, pamoja na karibu nafaka zetu zote. Mabaki yaliyogeuka mawe huko Rhynie, Scotland, yanaonyesha kwamba ilikuwamo ndani ya mimea zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, wakati mimea yenyewe ilikuwa bado haina mizizi kamili.

Ni biashara ya kubadilishana. Mmea unatengeneza sukari kwa jua, unaipa kuvu. Na mwaka 2017 ilithibitishwa kwamba unaipa mafuta pia, maana kuvu hii haiwezi kujitengenezea. Kuvu nayo inaleta maji, na zaidi ya yote inaleta fosforasi. Fosforasi ni kirutubisho kisichotembea. Naitrojeni huchukuliwa na maji. Fosforasi hung'ang'ania chembe za udongo palepale ilipo. Mzizi ukishamaliza iliyo karibu nao, unabaki na njaa huku chakula kikiwa umbali wa kidole. Nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko unywele mara nyingi, zinavuka ule umbali, zinaingia katika nyufa ambazo mzizi hauwezi kuingia, na kurudi na mzigo.

Wala kuvu haifanyi kazi hiyo peke yake. Juu ya nyuzi zake wanaishi bakteria. Mwaka 1994 Mfaransa Jean Garbaye aliandika kuhusu bakteria wasaidizi, wale wanaoiwezesha kuvu kuungana na mzizi. Kazi zilizofanywa China katika miaka ya 2010 zilionyesha kwamba kuvu hudondosha sukari kidogo kwa bakteria wanaoishi juu ya nyuzi zake, nao huifungua fosforasi iliyofungwa ndani ya mabaki ya mimea, kazi ambayo kuvu yenyewe haiiwezi vizuri. Kwa hiyo mhindi unamlipa kuvu, na kuvu inamlipa bakteria. Nilipoelewa hivyo nilikumbuka jinsi kwetu mtu alivyokuwa akiita kijiji kumsaidia kulima, akalipa kwa chakula na pombe.

Kila nilipoosha mizizi nilifikiri juu ya shamba la baba. Nyuzi za kuvu hukatwa na plau. Kuvu ya aina hii haiwezi kuishi muda mrefu bila mzizi hai, na shamba lililokaa tupu miezi mingi kila mwaka huidhoofisha. Mmea unaopewa fosforasi nyingi kwa mbolea hupunguza kuilipa. Yote hayo tulikuwa tumeyafanya.

Mwaka 1999 nilikwenda nyumbani likizo nikachukua udongo na mizizi ya pande mbili za mpaka: kwa baba, na kwenye shamba lililoachwa la yule mama. Niliupitisha udongo katika chekeche za matundu madogo sana nikahesabu spora, chembe za uzazi za kuvu, siku ya Jumamosi, kwa hesabu yangu mwenyewe. Za upande wa mama zilikuwa nyingi mara kadhaa. Nilifurahi kama mtu aliyepata hati ya kuachiwa huru. Kisha nikakumbuka kwamba shamba lile lilikuwa limepumzika miaka sita. Huenda spora zile zilikuja baada ya mwenyewe kuondoka. Sikuwa nimethibitisha lolote kuhusu mwaka 1993. Nililifunga daftari, safari hii nikijua nilichoandika.

Jibu lilikuja kutoka mbali. Mwaka 1966 wanasayansi wa Marekani, nchi ambayo nayo ilikuwa imevamiwa na kiduha cha aina nyingine, walitenga kemikali inayoziamsha mbegu za kiduha. Mbegu hizo hazioti kwa sababu ya mvua peke yake. Zinalowa, zinasubiri, na zinaota pale tu zinapoonja kemikali hiyo kutoka katika mzizi ulio karibu. Ajabu ni kwamba waliitenga kutoka mizizi ya pamba, mmea ambao kiduha hakiwezi kuunyonya. Hapo likabaki fumbo kwa karibu miaka 40: kwa nini mmea utengeneze kitu cha kumwita adui yake? Na kwa nini hata pamba?

Mwaka 2005 kundi la Wajapani likiongozwa na Kohki Akiyama lilichapisha jibu. Kemikali hiyo haikukusudiwa kiduha. Ni wito kwa kuvu. Uzi wa kuvu ukiionja unachanua matawi, na hivyo unaongeza nafasi ya kuufikia mzizi. Mmea ukipungukiwa fosforasi hutoa zaidi, yaani njaa ikizidi nao huzidisha wito. Kiduha kimejifunza tu kusikiliza.

Makala hiyo nililetewa na mtafiti mmoja mwaka 2006. Niliisoma kwa kamusi, mara tatu. Nilipomaliza niliona shamba la baba la mwaka 1993 kama vile nililiona kwa mara ya kwanza: mahindi yaliyozoea kushibishwa, mbolea imekatika, kuvu imedhoofika, mizizi yote ya shamba zima ikiita kwa nguvu, na anayesikia kwa wingi ni mwizi.

Na kwa yule mama? Kunde na karanga nazo hutoa wito huo. Mbegu za kiduha zinaamka, hazipati mzizi zinaoweza kuunyonya, na zinakufa baada ya siku chache. Kila msimu kunde zake zilikuwa zikipunguza akiba ya maadui ardhini. Shamba lake halikugeuzwa na plau. Alilima kwa jembe la mkono. Mtama ulioungana na kuvu hutoa wito mdogo zaidi, na watafiti waliojaribu jambo hilo Kaskazini mwa Cameroon walikuta kwamba kuongeza kuvu shambani kunapunguza kiduha kwenye mtama na mahindi. Ni sababu ipi kati ya hizo iliyomwokoa, na kwa kiasi gani, siwezi kusema. Lakini zote zilikuwa ndani ya udongo. Hakuna hata moja iliyohitaji mchawi.

Mwaka 2007 nilimtafuta. Nilimkuta kwa mwanawe, ameketi kwenye mkeka anabangua njugu, nywele zimekuwa nyeupe. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Aliniangalia kwa muda kabla ya kuitikia. "Marahaba, mwanangu. Wewe si mtoto wa jirani, yule bwana shamba?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo katika lugha rahisi. Nikamweleza habari ya wito, ya kuvu, ya kunde. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kubangua. Kisha akasema, "Mimi kunde nilipanda kwa sababu ya mboga. Mjane atanunua nyama wapi?"

Nikacheka kidogo, yeye hakucheka. Akaniuliza, "Haya yote uliyajua siku ile chini ya mwembe?"

"Hapana, mama. Hayakuwa yamejulikana. Hata mwenye kuyagundua alikuwa bado."

"Basi ungesema hujui."

Sikuwa na la kusema. Akaendelea, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika kitu: "Walikuwa wanakuuliza wewe. Ungesema hujui, wangekuwa na mtu mwenzao asiyejua. Uliponyamaza, wakabaki na mimi."

Nilimwomba radhi. Aliniambia nile kwanza. Nilikula, na jioni aliniagiza nimsalimie mama yangu, maana baba alikuwa amekwisha kufariki. Kama alinisamehe hakusema, nami sikumwuliza tena. Alifariki miaka mitatu baadaye.

Nimelifikiri neno lake mara nyingi kuliko makala zote nilizosoma. Mimi nilikuwa nikijilaumu kwa kutojua, na kwa hiyo nilidhani dawa ya kosa langu ni kujua. Nilikwenda kwake na ujuzi kama mtu anayelipa deni. Yeye alinionyesha kwamba deni lilikuwa jingine. Kutojua hakukuwa kosa langu. Dunia nzima ilikuwa haijui. Kosa lilikuwa kuuacha utupu ule bila jina, mbele ya watu wenye njaa. Mtu mwenye njaa haachi swali wazi. Asipopewa "bado hatujui", atachukua jirani aliye karibu.

Ndiyo maana napenda jinsi utafiti wa udongo unavyokwenda, pamoja na polepole yake. Mwaka 2009 Mwethiopia Gebisa Ejeta alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa mbegu za mtama zinazostahimili ukame na kiduha. Huko Mbita, Kenya, watafiti wa ICIPE waligundua kwamba majani ya desmodiamu yaliyopandwa kati ya mahindi hukiua kiduha kupitia mizizi yake. Walikuwa wameyapanda hasa kwa ajili ya kufukuza wadudu. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti kuhusu mtama uliooteshwa katika udongo wenye vijidudu hai: kiduha kilijibandika kidogo zaidi, kwa sababu vijidudu wale waliharibu kemikali ambazo kiduha huzihitaji kutengeneza mdomo wake, na pia waliubadili mzizi wenyewe kwa ndani. Hayo hakuna aliyeyajua mwaka 2005. Kila makala nzuri niliyosoma ina mahali, kwa kawaida kuelekea mwisho, ambapo waandishi wanataja wasichokijua bado, na hakuna anayewatupia mawe.

Nimestaafu sasa, nimerudi kijijini. Shamba la baba nimelirudishia fujo yake: mtama, kunde, karanga, kipande kimoja kinapumzika, mbolea kidogo ninapoweza, samadi kila mwaka. Kiduha hakijaisha. Mbegu zake bado zimo, na kila msimu nang'oa kwa mkono. Shamba la pili analilima mjukuu wa yule mama, aliyerudi kudai ardhi ya bibi yake, na hakuna aliyempinga. Tunang'oa pamoja mpakani, tunachoma pamoja.

Msimu uliopita tulikuwa na kikao cha kijiji, si chini ya mwembe, ambao ulikwisha kuanguka, bali kwenye darasa la shule. Mama mmoja kijana alisimama akasema shambani kwake kiduha kimejaa kila mahali isipokuwa kona moja, inayopakana na kwa wifi yake. Aliitaja kona hiyo kwa sauti niliyoitambua. Watu wakanyamaza wakageuka kunitazama.

Nilisimama. Nikawaambia kwamba huenda hapo palikuwa na zizi zamani, samadi ikabaki. Au huenda kulilimwa kunde kabla. Au huenda kuna vijidudu katika udongo wa pale ambao bado hatuwajui. "Ni ipi kati ya hizo," nilisema, "sijui. Kesho asubuhi nitakuja na jembe, tuchimbe tutazame mizizi pamoja. Na wifi yako aje."

Walikuja wote wawili.